Joto la Dar es Salaam na ndege ya haidrojeni

Mwezi Februari nilikuwa ndani ya bajaji, kwenye foleni ya kituo cha gesi kando ya Barabara ya Nyerere, nikiwahi ndege ya Unguja. Dereva, kijana aliyenipakia Tabata, alikuwa amezima injini, na kila foleni iliposogea tulikuwa tukiisukuma bajaji kwa mkono. Ndege ndogo ya injini moja ikapita juu yetu ikitokea Kipawa, ikageuka taratibu kuelekea baharini. Akaitazama mpaka ikapotea nyuma ya mapaa, kisha akaniuliza: "Mzee, hii gesi yetu inaendesha bajaji, inaendesha mpaka malori. Mbona ndege hawazifungi gesi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba inawezekana, ila gesi inayotafutiwa njia huko angani ni haidrojeni, wala si hii gesi asilia ya Songo Songo, na kwamba zipo ndege ambazo zimekwisha kuruka nayo. Zamu yetu ikafika. Tulisimama pembeni kama utaratibu unavyotaka, mpira ukachomekwa, na mtungi wa chuma ulio nyuma ya kiti cha abiria ukajazwa kwa shinikizo la baa 200, yaani kama mara 200 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, huku gesi ikivuma ndani ya bomba. Nilipougusa baada ya kujazwa, mtungi ulikuwa umepata joto, kama inavyotokea kila gesi inaposhindiliwa kwa haraka mahali padogo.

Jibu langu halikuniridhisha, na ndiyo maana naandika makala haya. Nimefundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu yote ni joto: kulichukua mahali ambapo halitakiwi na kulitupa mahali pengine. Kadiri nilivyozidi kusoma habari za ndege zinazotumia seli za fueli za haidrojeni, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kikwazo chake kikubwa kimekaa katikati ya fani yangu, na kwamba majaribio yake yote makubwa ambayo nimeyasoma yamefanyika katika nchi zenye baridi kuliko kwetu. Nina hakika kwamba ndege hizi hazitakuwa zimepimwa sawasawa mpaka zipimwe kwa joto la pwani kama yetu, na kwamba sisi tunaoishi katika joto hili tuna la kuchangia tangu sasa.

Nianze na seli yenyewe. Haichomi kitu. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki maalumu, na kila upande wa utando huo umepakwa chembechembe za platinamu. Haidrojeni huingia upande mmoja, na platinamu huitenganisha kuwa protoni na elektroni. Utando huruhusu protoni zipite na huzizuia elektroni, kwa hiyo elektroni hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na mzunguko huo ndio umeme unaoendesha mota. Upande wa pili protoni, elektroni na oksijeni ya hewani hukutana na kuwa maji. Seli moja ikifanya kazi hutoa volti isiyofika hata moja, hivyo hupangwa mamia kwa mamia, moja juu ya nyingine kama chapati, mpaka nguvu itoshe. William Grove alionyesha jambo hili mwaka 1839, kabla dunia haijawa na taa za umeme majumbani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani walifunga seli za fueli kwenye vyombo vya anga za juu vya Gemini, kisha vya Apollo, na wanaanga waliokwenda mwezini walikunywa maji yaliyotoka ndani yake.

Katika ndege zenye rubani hatua zilikuja polepole. Mwaka 2008 Boeing ilirusha ndege ndogo nchini Hispania ambayo, baada ya kupanda kwa msaada wa betri, iliendelea kwa seli za fueli peke yake. Mwaka 2016 ndege ya viti vinne iitwayo HY4 iliruka Stuttgart, Ujerumani. Tarehe 19 Januari 2023 kampuni ya ZeroAvia ilirusha Dornier 228 ya viti 19 kule Kemble, Uingereza, kwa dakika kumi, bawa moja likiwa na mota ya umeme wa haidrojeni na bawa la pili likiwa na injini yake ya kawaida. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo ikafuata Dash 8 ya kampuni ya Universal Hydrogen kule Moses Lake, katika jimbo la Washington. Hiyo ni ndugu mdogo wa zile Q400 ambazo Air Tanzania inazirusha kutoka hapa kwetu. Iliruka dakika kumi na tano, na ilipokwisha kutulia hewani marubani walipunguza nguvu ya injini ya mafuta mpaka kazi karibu yote ikafanywa na upande wa haidrojeni. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba HY4 imeruka Maribor, Slovenia, ikitumia haidrojeni ya kimiminika, na moja ya safari zake ilizidi saa tatu.

Nimezitaja safari hizi kwa mpangilio wa miaka ili msomaji aone majina ya mahali: Stuttgart, Kemble, Moses Lake, Maribor. Kemble mwezi Januari mtu huvaa koti zito.

Kabla ya joto kuna suala la mtungi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko kitu chochote, na kilo yake moja ina nishati ya kilowati-saa 33, wakati kilo ya mafuta ya ndege ina kilowati-saa 12 hivi. Kwa mizani, basi, haidrojeni inashinda mara mbili na zaidi. Kwa nafasi inashindwa vibaya. Hata ikipoozwa mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri na kuwa kimiminika, lita yake moja haifikii gramu 72, na ili kubeba nishati ileile ya mafuta unahitaji tangi kubwa mara nne. Mimi hufurahi nikipata chumba cha baridi cha samaki kinachotulia kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri pale ambapo nje ni nyuzi 32, na najua ni kiasi gani cha joto hupenya kwenye mpira wa mlango uliochakaa au kwenye bomba lililovuliwa sponji yake. Kutunza kimiminika cha nyuzi 253 chini ya sifuri katika uwanja wa ndege wa Kipawa kunataka tangi lenye kuta mbili na ombwe katikati, na bado kidogo kitachemka na kutoka kila siku.

Njia nyingine ni kuishindilia kama gesi ya bajaji, ila kwa baa 350 au 700, ndani ya mitungi ya nyuzi za kaboni. Mitungi hiyo ni mizito kuliko gesi iliyomo. Katika mifumo mizuri ya sasa, kila kilo moja ya haidrojeni inabebwa na mtungi na vifaa vyake vyenye uzito wa kilo kumi na tano hadi ishirini.

Hapo ndipo nilipochukua daftari nikapiga hesabu ya safari yangu mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita zipatazo sabini, na Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, huvuka kwa dakika ishirini. Hesabu zangu ni za makadirio, na mhandisi wa ndege anaweza kuzisahihisha, lakini zilinipa picha. Caravan huchoma kama kilo 55 hadi 60 za mafuta katika safari hiyo ukihesabu na kutembea kwake chini, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka na moshi kwa sababu turbini ndogo hupoteza sana. Seli za fueli na mota hupoteza kidogo zaidi ya nusu tu, kwa hiyo haidrojeni inayotakiwa ni kama kilo 11. Ukiongeza akiba ambayo rubani lazima awe nayo iwapo ataambiwa azunguke au arudi, unafika karibu kilo 40. Kwa mitungi ya baa 350, kilo 40 zinamaanisha mita za ujazo karibu mbili na uzito wa kilo 600 au zaidi. Katika ndege ambayo hata ikijaa haifiki tani nne, hao ni abiria sita au saba wanaobaki chini.

Nilipoiona hesabu hiyo sikukata tamaa. Safari ya dakika ishirini ndiyo hasa inayolingana na teknolojia hii kwa hali yake ya leo. Ndege ya Dubai haiwezi kuendeshwa hivi katika miaka ninayoweza kuihesabu, lakini vivuko vya Unguja, Pemba na Mafia, vinavyofanywa na ndege ndogo zinazorudi kila siku kwenye uwanja uleule ambako mtambo mmoja wa kujazia unaweza kuwekwa, vinafanana sana na kile ambacho wabunifu wa ndege hizi wanakitafuta. Jambo jingine katika hesabu ile lilinigusa zaidi. Kilo moja ya haidrojeni hutoa kilo tisa za maji, hivyo kuvuka mara moja hadi Unguja kungetoa lita 99, karibu madumu matano ya lita ishirini, yakitoka kama mvuke na matone juu ya Bahari ya Hindi. Moshi haupo. Kilo 60 za mafuta, zikichomwa, hutoa karibu kilo 190 za hewa ya kaboni.

Sasa nifike kwenye joto, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Injini ya turbini ya Caravan hutoa kilowati 500 hivi wakati wa kuruka. Nayo ina joto kali, lakini joto lake kubwa hutoka lenyewe kwenye bomba la moshi likiwa na mamia ya nyuzi, na hakuna anayehitaji kulisindikiza. Seli za fueli za aina inayotumika sasa hufanya kazi kwenye nyuzi 80. Zikitoa kilowati 500 za nguvu, hutoa na joto linalokaribia kiasi hichohicho, na kwa kuwa hazina bomba la moshi la kulitolea, karibu lote lazima libebwe na maji ya kupozea mpaka kwenye rejeta na kukabidhiwa kwa hewa. Kila fundi wa kiyoyozi Kariakoo anajua kanuni inayotawala hapo hata kama hajui jina lake: joto huhama kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya kitu na hewa. Rejeta yenye maji ya nyuzi 80 asubuhi ya Ulaya yenye nyuzi 15 ina tofauti ya nyuzi 65. Rejeta hiyohiyo Kipawa saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 32, ina tofauti ya nyuzi 48. Ili itoe joto lilelile inabidi iwe kubwa kwa zaidi ya theluthi, na rejeta kubwa ni uzito, ni maji mengi zaidi, na ni uso mpana unaosukumana na upepo ndege inapokwenda.

Mambo mawili yanaongeza ugumu. La kwanza, joto kubwa kabisa hutokea wakati wa kuruka, nguvu ikiwa yote na ndege ikiwa bado haina mwendo wa kuisukumia rejeta hewa ya kutosha. La pili, ndege za masafa marefu hupanda haraka mpaka kwenye hewa ya baridi, lakini ndege ya Unguja haipandi juu sana kwa kuwa haina muda. Itaishi siku nzima katika hewa ya joto, ikituliwa kwenye lami inayounguza, ikipakia abiria, ikiruka tena.

Sikutaka kuyasema haya kwa vitabu tu. Mwezi Machi, kabla masika hayajaanza, mimi na wanafunzi wanane wa mwaka wa pili tulichukua rejeta kuukuu ya Corolla, tukaiunganisha na pampu ndogo na pipa la maji, tukaweka feni yenye mwendo usiobadilika, na kipimajoto kimoja ndani ya pipa na kingine kivulini. Tuliyachemsha maji, tukayaacha yafike nyuzi 80, kisha tukahesabu dakika mpaka yaliposhuka hadi 60. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 24, ilichukua dakika kumi na mbili. Saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 33, ilichukua dakika kumi na tano. Rejeta ilikuwa ileile, feni ileile, maji yaleyale. Msichana mmoja aliyekuwa akiandika namba alizitazama zile mbili kwa muda, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo ndege ya asubuhi na ya mchana si ndege moja." Sijapata namna bora zaidi ya kulieleza jambo hilo.

Wahandisi wanalijua tatizo hili, na wapo wanaolishughulikia kwa njia ambayo naiona kuwa sahihi: kutengeneza seli zinazofanya kazi kwenye joto la juu zaidi, nyuzi 120 hadi 200, kwa utando uliolowekwa asidi ya fosforasi. ZeroAvia ni mojawapo ya kampuni zinazoifuata njia hiyo. Maji au mvuke wa nyuzi 160 mbele ya hewa ya nyuzi 32 una tofauti ya nyuzi 128, na hapo joto la Dar es Salaam linapungua makali. Seli hizo bado zina mashaka yake, hasa kudumu kwa utando. Lakini kama ningeulizwa na shirika lolote la ndege la pwani hii ni aina gani ya seli liitazame, ningesema hiyo.

Unyevu wetu, kwa upande wake, unaweza kuwa msaada. Utando wa seli za nyuzi 80 ukikauka haupitishi protoni vizuri, na katika nchi kavu hewa inayoingia hulazimika kulowanishwa kwanza. Hewa ya pwani huja na mvuke wake. Bahati mbaya huja pia na chumvi, na chumvi ni adui wa platinamu, kwa hiyo vichujio vya hewa vitakuwa na kazi kubwa Unguja kuliko vilivyokuwa nayo Stuttgart. Nimeshabadilisha kondensa za kutosha kwenye hoteli za ufukweni, mapezi yake ya aluminiamu yakimomonyoka kama biskuti iliyoloa, hivyo silichukulii jambo hili kijuujuu.

Wengi wakisikia haidrojeni hukumbuka Hindenburg, chombo cha angani cha Ujerumani kilichoelea kwa haidrojeni, kilichoungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937 na kuua watu 36. Hofu hiyo ni ya haki na haifai kubezwa. Haidrojeni huwaka ikiwa na mchanganyiko wa asilimia 4 hadi 75 hewani, cheche ndogo sana huiwasha, na mwali wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Lakini tuifananishe na gesi tuliyoizoea. Gesi ya mtungi wa jikoni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa kimyakimya chini ya meza, ndiyo sababu tunaambiwa tufungue mlango. Haidrojeni ni nyepesi mara kumi na nne kuliko hewa na hupanda mara moja. Kwa hiyo hatari yake iko juu, kwenye dari. Karakana ya ndege ya haidrojeni inataka paa lenye matundu ya kutolea hewa sehemu ya juu kabisa na vihisi vya gesi huko huko, na anayeijenga kwa mazoea ya maghala ya mafuta atakosea mahali pa kulinda.

Kuhusu chanzo cha haidrojeni nitasema kwa ufupi lakini bila kuficha. Sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia leo hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa, na kilo moja inayotoka kwenye gesi asilia huacha nyuma kilo tisa au kumi za hewa ya kaboni. Ndege ya aina hiyo itakuwa imeuacha moshi kiwandani tu. Njia safi ni kuyachanganua maji kwa umeme, na kilo moja hula kama kilowati-saa 55. Kilo zangu 11 za kuvuka Unguja zinataka uniti 605, ambazo mwenye mita ya umeme ya LUKU atazielewa mara moja. Ni nyingi kwa nyumba. Kwa nchi yenye bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 na jumla ya megawati 2,115, safari ishirini kwa siku zingehitaji takriban nusu megawati ikitiririka usiku na mchana. Umeme huo upo. Kinachokosekana ni mtambo wa kuchanganulia, mitungi, na watu waliofunzwa kuvishika.

Ni lazima niseme pia kwamba mambo hayaendi kwa kasi iliyoahidiwa. Universal Hydrogen, iliyorusha ile Dash 8, ilifungwa mwaka 2024 kwa kukosa fedha, miezi isiyozidi kumi na minane baada ya safari ile. Airbus, iliyokuwa imetangaza mwaka 2020 kwamba ingekuwa na ndege ya haidrojeni ifikapo 2035, iliuahirisha mpango huo mwaka 2025, ingawa ilipoonyesha mchoro wake mpya ilichagua seli za fueli: mota nne za megawati mbili kila moja. Baadhi ya wenzangu wanaposikia hivyo husema basi tungoje wenzetu wamalize kisha tununue. Siafikiani nao. Tukingoja, tutaletewa ndege iliyopimwa kwa nyuzi 15, na itakapopunguziwa abiria kila mchana wa kaskazi kwa sababu ya joto tutaambiwa hali ya hewa yetu ndiyo yenye kasoro.

Kupima hakuhitaji ndege. Seli za kilowati chache zinatosha kwenye meza ya karakana, zikivuta hewa ya hapa, zikipozwa na rejeta ya hapa, kwa mwaka mzima kuanzia kaskazi hadi kusi, na kila saa iandikwe. Sisi hatuna seli hizo bado. Rejeta tunayo, na mkuu wa idara ametuachia banda lililokuwa likihifadhi majokofu mabovu. Desemba tutaipeleka rejeta ile ya Corolla Kigamboni, kwenye ua wa mzazi mmoja unaotazama bahari, tuiache hapo miezi mitatu ikipigwa na upepo wa chumvi, kisha tuirudishe kwenye pipa lilelile tuhesabu dakika upya. Yule msichana amekwisha kuchora jedwali, na safu ya mwisho ameiacha wazi.